Maswali Yenu: Siku ya Sabato, Nani Yuko Jikoni?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa Sabato. Nyingine zinauliza ni siku gani, na nyingi zaidi zinauliza itawezekanaje. Tumejibu sita. Majina tumeyaacha, mitaa ya Mombasa tumeibakiza.

Mimi ni Mwadventista, mume wangu ni Mwanglikana. Kila Ijumaa jioni ni ubishi. Sasa amepata hoja mpya: eti hata Kiswahili kinanikana, kwa sababu Jumamosi ni siku ya "mosi", itakuwaje ya saba? Nimjibu nini?
*Msomaji, Mikindani*

Mwambie mzee wa nyumba kwamba Kiswahili hakimsaidii hata yeye, maana kwa hesabu hiyo Jumapili yake ni siku ya pili. Siku zetu zinahesabiwa kuanzia Ijumaa: ya kwanza baada yake ni Jumamosi, ya pili Jumapili, hivyo hivyo hadi Jumatano. Hapo hesabu inakatika, tunachukua neno la Kiarabu, Alhamisi, ambalo nalo maana yake ni ya tano, ila kwa hesabu inayoanzia Jumapili. Ndiyo maana juma la Kiswahili lina siku mbili za "tano" zinazofuatana, na ya sita na ya saba hazimo. Waarabu Jumamosi huiita Sabt, neno la ukoo mmoja na Sabato ya Kiebrania. Kwamba siku ya saba ya Biblia ni Jumamosi, hilo halina ubishi, na mumeo akimuuliza kasisi wake ataambiwa vivyo hivyo.

Ubishi wa kweli ni kama Mkristo anadaiwa siku ile ile. Wasabato wanasema amri ya nne (Wakatoliki na Walutheri huihesabu ya tatu, lakini ni ile ile) imetoka kwenye uumbaji, Mwanzo 2:2-3, kabla hajakuwapo Mwisraeli hata mmoja, kwa hiyo haikufa na sheria za dhabihu. Upande wa pili unasema Yesu alifufuka siku ya kwanza ya juma, wanafunzi wakakutana siku hiyo kumega mkate (Matendo 20:7), na Paulo katika Wakolosai 2:16-17 anazitaja sabato kuwa kivuli cha mambo yajayo.

Kila upande una hoja moja mbovu ambayo afadhali iachwe. Ya kwanza ni kwamba mfalme Konstantino ndiye aliyewahamishia Wakristo Jumapili. Justino Mfiadini, akiandika Roma mnamo mwaka 150, anaeleza ibada ya Jumapili kama jambo la kawaida. Alichofanya Konstantino mwaka 321 ni kutoa amri ya serikali: mahakama na karakana za mjini zifungwe siku hiyo. Wakulima aliwaruhusu waendelee shambani. Hoja mbovu ya pili ni kwamba Yesu aliamuru Jumapili ishike nafasi ya Sabato. Aya hiyo haipo, mwombe akuonyeshe.

Kwa nyumba yenye siku mbili, Paulo ameshatoa kanuni, Warumi 14:5: "Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Kwa vitendo, jikoni mgawane hivi: kazi zako zikome Ijumaa jua likizama, zake zikome Jumapili, na asiyepumzika ndiye aoshe vyombo. Usishike saa ile ile ya ukutani mwaka mzima. Mombasa mwezi wa Novemba jua huzama kama saa 12:15 jioni, Februari hukawia hadi kama saa 12:40. Na ukiwasikia wazee wa Pwani wakitaja "usiku wa Ijumaa", wana maana ya usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao vijana wanauita Alhamisi usiku. Ni hesabu ya Mwanzo 1 hiyo hiyo: ikawa jioni, ikawa asubuhi.

Nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Jumapili ndiyo siku yangu kubwa, waumini wakitoka ibada ya kwanza wote ni wangu. Nataka kupumzika lakini siku moja nikifunga watoto wanalala njaa. Je, nikimweka binti wa jirani auze mimi niende kanisani?
*Mama mahamri, Kisauni*

Binti wa jirani tuanze naye, maana jibu lake ni fupi: hapana, mama. Kutoka 20:10 haisemi wewe usifanye kazi. Inasema wewe, mwana wako, binti yako, watumishi wako, mnyama wako na mgeni aliye malangoni pako. Ukimweka yeye, kazi haijapumzika, imebadilisha mikono tu.

Sasa hela. Chukua faida ya siku moja baada ya kutoa unga, mafuta, sukari, nazi, iliki na makaa. Tuseme ni shilingi 700. Kila siku ya biashara weka kando sehemu ya saba, yaani 100, utumie 600. Baada ya siku sita una 600 zinazokungoja siku ya saba. Nyumba inakula kiasi kile kile siku zote saba. Unaanza kuweka Jumatatu, na Jumapili ya kwanza ndiyo unafunga. Usifunge kwanza ukatafuta hela baadaye.

Mambo mawili huharibu mpango huu. Moja, akiba kukaa kwenye simu pamoja na hela ya matumizi: Alhamisi mtoto akidaiwa kitabu, imekwenda. Iweke kwenye kibubu au kwa mtu asiyekubali kuombwa. Pili, watu wengi husahau mtaji wa Jumatatu. Unga, sukari na mafuta vya Jumatatu vinunuliwe Jumamosi, tena kwa fungu lake, visiguse ile 600. Asiyefanya hivyo atajikuta Jumapili saa kumi jioni yuko dukani anakopa unga, na pumziko limekwishia hapo.

Halafu kuna kazi ya usiku, ambayo kwa biashara yako ndiyo fumbo lenyewe. Mahamri ya Jumatatu alfajiri hukandwa Jumapili usiku, na mbaazi kavu hulowekwa usiku huo huo. Ukihesabu Jumapili kuanzia saa sita ya usiku hadi saa sita ya usiku, huwezi kuishika bila kupoteza na Jumatatu pia. Ihesabu jua hadi jua. Jumamosi jua likizama umefunga, Jumapili jua likizama umefungua: loweka mbaazi, washa taa, kanda unga. Saa ishirini na nne zimetimia na hakuna ulichoiba. Unga wa kukanda mapema, Jumamosi mchana kwa mfano, usiujaribu. Kwa joto letu la Februari na Machi hamira huukimbiza, unachacha, na mahamri yanatoka yakinywa mafuta.

Chakula cha nyumbani nacho kina utaratibu wake, na Biblia inaueleza kwa vipimo. Katika Kutoka 16 mana iliokotwa pishi moja kwa kila mtu, siku ya sita pishi mbili. (Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliandika pishi, kipimo chetu cha vibaba vinne. Cha Kiebrania ni omeri, karibu lita mbili.) Musa anawaambia siku ya sita waoke cha kuoka na watokose cha kutokosa. Waliotoka siku ya saba kutafuta mana hawakuona kitu, na waliolaza siku za katikati waliamka na funza.

Funza hao ni wa kweli katika mji huu. Chakula chenye tui hakilali nje, kinachacha kabla ya alfajiri. Kwa hiyo Jumamosi chemsha mbaazi au maharagwe kwa maji na chumvi tu, yakiiva mwaga maji na uyaweke pembeni yapoe upesi, kisha kwenye friji. Nazi ikunwe siku hiyo, tui likamuliwe na kuwekwa kwenye baridi peke yake. Siku ya pumziko unakutanisha viwili hivyo motoni kwa robo saa. Wali uingie kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kuiva. Usiuache sufuriani hadi asubuhi, kwa sababu wali uliolala kwenye joto unaweza kuumiza tumbo hata ukiupasha vizuri. Kama huna friji, laza chapati, mihogo ya kuchemsha, au samaki aliyekaangwa akakauka barabara, na tui usiliguse. Ndoo na madumu ya lita ishirini yajae Jumamosi mchana. Mfereji wa mtaa ukikauka Jumapili, kusukuma mkokoteni wa maji ni kazi kuliko mahamri.

Na wale waumini wa ibada ya kwanza wasijifanye hawahusiki. Katika Nehemia 13 watu wa Tiro walikuwa wakileta samaki Yerusalemu siku ya Sabato, na Nehemia akaanza kwa kuwagombeza wakubwa wa Yuda, kisha ndipo akafunga malango. Wanaotoka ibadani wakiwa na hamu ya mahamri wanajua pa kuyapata: kwako, Jumamosi.

Niko jikoni hoteli moja ya Bamburi. Rosta inanipa ofu Jumanne. Miezi minne sijaona Misa ya Jumapili, na Desemba hata hiyo ofu inakatwa. Jumanne yaweza kuwa Sabato yangu? Nina haki ya kudai?
*Mpishi, Mkatoliki*

Ndugu mpishi, umechanganya mambo mawili ambayo yakitenganishwa kila moja lina mlango wake: Misa na pumziko.

Misa kwanza. Kanuni ya 1248 ya Sheria ya Kanisa inasema anayeshiriki Misa jioni ya siku iliyotangulia ametimiza wajibu wake. Basi usiombe Jumapili nzima. Omba zamu ya asubuhi siku ya Jumamosi, inayokuachilia mchana, uwahi Misa ya jioni parokiani. Meneja anayekataa kukupa Jumapili, siku ambayo wageni wanajaa, mara nyingi hana shida na Jumamosi jioni.

Pumziko nalo, Jumanne inafaa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2187, inazitaja hoteli za chakula kati ya kazi zinazowalazimu watu wengine kufanya kazi Jumapili, kisha inasema kila mmoja atenge muda wa kutosha wa kupumzika. Jumanne haitageuka Jumapili, lakini yaweza kuwa siku isiyo na vibarua. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: ofu inakuwa siku ya boda, ya saruji, ya kupikia watu harusini. Mtu wa hivyo anafanya kazi siku saba kwa matajiri wawili.

Kuhusu haki: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 27, inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haisemi ni siku gani. Katiba, ibara ya 32, inasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya dini yake wala asilazimishwe kutenda kinyume cha imani yake. Kwa hiyo kuikata ofu ya Desemba ni jambo la sheria, na kuihamishia Jumapili ni jambo la maombi na mapatano. Usiyadai yote mawili kwa sauti moja.

Omba kwa barua, hata kama msimamizi ni rafiki yako. Andika siku na saa unazoomba, jina la mwenzako aliyekubali kubadilishana nawe pamoja na sahihi yake, na unachotoa badala yake. Katika jikoni la Mombasa mwenzako huyo hayuko mbali: Mwislamu anayehitaji Ijumaa adhuhuri na siku za Idd. Wewe mshikie hizo, yeye akushikie Jumamosi jioni, na Krismasi. Peleka ombi mwezi wenye wageni wachache, Mei kwa mfano, liwe la miezi mitatu ya majaribio. Ombi la "Jumapili zote daima" likiletwa Desemba hurudi siku hiyo hiyo.

Usitoroke zamu ukiamini ibara ya 32 itakulinda. Kutokuwepo kazini bila ruhusa ni moja ya sababu ambazo kifungu cha 44 kinamruhusu mwajiri akufukuze bila notisi. Rosta ikibandikwa ukutani ipige picha kila juma, kwa sababu ofu zilizokatwa zisipokuwa na ushahidi, ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi hawatakuwa na pa kuanzia. Na wasomaji wetu Wasabato wanaotafuta kazi: semeni siku yenu kwenye usaili, kabla ya kutia sahihi. Baada ya sahihi mzigo wote wa kuomba ni wenu.

Mimi ni msaidizi wa nyumbani Nyali. Tajiri wangu ni mtu wa kanisa sana. Jumapili ananipeleka ibada ya saa moja, nikirudi ni pilau na wageni hadi usiku. Anasema nimeshapata Sabato yangu. Ni kweli?
*Msomaji, Nyali*

Si kweli, dada. Jibu hili mwachie tajiri wako gazeti likiwa wazi mezani.

Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili na sababu zake ni mbili. Katika Kutoka 20 sababu ni kwamba Mungu alipumzika. Katika Kumbukumbu la Torati 5:14-15 sababu ni nyingine: mtumishi wako apumzike kama wewe, na ukumbuke ulikuwa mtumwa Misri. Mtumwa hana siku yake, zote ni za bwana wake. Kwa hiyo aliyekombolewa anajulikana kwa siku anayompa aliye chini yake. Tajiri wako akivuka Kengeleni kila siku anapita penye kumbukumbu hiyo. Mtaa ule umeitwa kwa kengele ya Freretown, makazi ambayo wamisionari wa Kianglikana wa CMS waliyaanzisha katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa.

Saa mbili za ibada ni ibada. Pumziko ni siku nzima: saa ishirini na nne mfululizo, mshahara bila kukatwa, na ruhusa ya kutoka nje ya geti bila kuulizwa utarudi saa ngapi kupika. Sheria ya kifungu cha 27 tuliyoitaja inamhusu msaidizi wa nyumbani vilevile. Kama msaidizi ni Mwislamu au Msabato, siku achague yeye.

Wageni wa Jumapili watakula nini? Pilau ya Jumamosi jioni ikipashwa huwa tamu zaidi, kila mpishi wa Pwani anajua. Kachumbari inakatwa na watoto wa nyumba. Na sinia zisirundikwe zikingoja Jumatatu, kwa sababu hiyo ni Sabato ya mkopo: amepumzishwa leo ili kesho aoshe vyombo vya siku mbili. Aliyekula aoshe.

Nami ni katibu wa kanisa, tena naimba kwaya. Jumapili natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, narudi saa mbili usiku. Kikao cha maendeleo, mazoezi, harambee. Jumatatu naamka nimechoka kuliko Ijumaa. Tatizo ni mimi?
*Katibu, Changamwe*

Tatizo ni ratiba, na bahati nzuri kalamu unayo wewe. Yesu mwenyewe anasema katika Mathayo 12:5 kwamba makuhani hekaluni hufanya kazi siku ya Sabato wasipate hatia. Kazi ya ibada, basi, haina lawama. Lakini harambee ya paa, hesabu ya viti na ubishi wa sare za kwaya si kazi ya ibada, zimejibanza humo tu kwa sababu watu tayari wamekusanyika.

Pitia kumbukumbu za vikao vya miezi mitatu, weka alama kwenye kila ajenda ambayo ingeweza kungoja Jumatano jioni. Utashangaa zinavyobaki chache. Kisha peleka pendekezo moja tu: baada ya saa nane mchana Jumapili hakuna kikao. Ukileta mabadiliko matano kwa mpigo, wazee wataunda kamati, nayo itakutana Jumapili. Mazoezi ya kwaya yaende Ijumaa au Jumamosi. Kundi la simu la kanisa lifungwe hadi Jumatatu, isipokuwa kwa msiba na ugonjwa, maana hizo ni zile kazi ambazo Ungamo la Westminster la mwaka 1646, tamko la imani la Wapresbiteri, liliziita za lazima na za rehema.

Mchungaji wenu naye hana Jumapili ya kupumzika. Mpeni siku nyingine kwa maandishi, kisha msimpigie simu siku hiyo kuuliza ufunguo wa stoo uko wapi.

Kuogelea siku ya Sabato ni dhambi? Na kuna umbali wa mwisho wa kutembea?
*Kijana, Likoni*

Umbali upo katika mapokeo ya Kiyahudi: dhiraa 2,000, karibu mita 900. Ndio "mwendo wa sabato" unaotajwa katika Matendo 1:12, kutoka mlima wa Mizeituni hadi Yerusalemu. Makanisa hayawadai Wakristo kipimo hicho. Kuhusu bahari, ndugu zako Wasabato wengine hukubali matembezi ya ufukweni lakini hukataa michezo, wakisoma Isaya 58:13. Wanaoshika Jumapili wengi hawaoni shida baada ya ibada. Fuata kanisa lako, na usimlipe mtu akusukumie mpira wa kuogelea wewe ukipumzika. Kama mnakwenda na wadogo zako, uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi: yakipwa mchana mtatembea mwambani tu, na bila viatu vya plastiki mtarudi na miiba miguuni.